Sayansi barazani: maswali tunayoulizwa kila mara Tanga

Haya ni maswali yanayorudi kila tunapokaa na watu kuzungumza sayansi, iwe kwenye bandari ya wavuvi ya Deep Sea boti zikishusha samaki, barazani Ngamiani au shuleni. Mengine yanatoka kwa walimu wa Pangani, Muheza na Korogwe wanaotaka kuanzisha mazungumzo kama haya kwao. Ukiwa na haraka, ruka hadi swali la 5.

## Ya msingi

1. Hasa mnafanya nini?

Tunakaa na watu, tunaonyesha kitu kimoja, tunazungumza mpaka maswali yaishe au adhana iingie. Hatuna jukwaa wala kipaza sauti. Na kitu kimoja ni kimoja kweli: kivuli cha fimbo, jiwe linalotoa povu, jedwali la maji kupwa na kujaa.

Sharti tulilojiwekea ni kwamba mtu asiondoke na habari bila kujua habari hiyo ilijulikanaje. Ukimwambia mtu mzingo wa dunia ni kilomita 40,000, umempa namba ya kujibia mtihani. Ukimwonyesha kwamba unapimika kwa fimbo na rula, anaweka simu mfukoni na kukusogelea.

2. Lazima niwe nimesomea sayansi?

Hapana. Ila hilo moja unaloonyesha ulijue kwa kina kuliko utakavyolieleza. Aliyeishia kidato cha nne akaelewa bamvua (maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana) sawasawa anafaa kuliko mwenye shahada anayesoma kwenye karatasi. Wasomi wanaojiunga nasi tunawaomba jambo moja tu la ziada, nalo ni kuvumilia kukatizwa. Barazani hakuna anayesubiri mwisho wa mada ndipo aulize.

3. Vifaa vinagharimu kiasi gani?

Karibu bure. Fimbo, uzi, rula, siki, boksi tupu. Projekta ukiileta watu wataitazama projekta, na umeme ukikatika mazungumzo yamekufa.

4. Nahitaji kibali?

Mtaani, mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, wala usimpelekee taarifa siku ile ile. Shuleni, anza kwa mkuu wa shule. Ukitaka kukusanya takwimu za watu, hapo umeingia kwenye utafiti, na utafiti una vibali vyake: COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) ikiwa ni mambo ya afya. Kuonyesha kivuli si utafiti.

## Uanzie wapi

5. Nianze na mada gani?

Kivuli. Kila mtu anacho, hakina bei, na kwa Tanga kina siku zake mbili za ajabu.

Tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 7 Machi likielekea kaskazini, na karibu na tarehe 6 Oktoba likirudi kusini. Siku hiyo simamisha fimbo wima kabisa. Uzi uliofungwa kokoto utakuonyesha kama imenyooka. Machi, ikikaribia saa 6 na dakika 35 mchana, kivuli kinazidi kujivuta kuelekea shina la fimbo, kisha hakipo. Oktoba hutokea mapema zaidi, kama saa 6 na dakika 12. Nguzo za umeme za mtaa mzima zinasimama bila kivuli, na watu waliopita hapo miaka yote hawajawahi kuona, kwa sababu saa hizo kila mtu anakimbilia pa kujificha na jua.

Watauliza mbona si saa 6 kamili. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita jirani na Mogadishu. Sisi tuko nyuzi 39, hivyo jua hutufikia dakika kama 24 baadaye. Dakika zinazozidi Machi na kupungua Oktoba zinatokana na mhimili wa dunia kuinama, na dunia yenyewe kutolizunguka jua kwa mwendo ule ule mwaka mzima.

Sasa mpigie mwalimu aliye Mtwara. Siku hiyo hiyo, adhuhuri yake, fimbo ya mita 1 ina kivuli cha sentimita 9 hivi, kikielekea kusini. Chora pembetatu hiyo kwenye karatasi kwa vipimo, uweke kipimapembe: utapata nyuzi 5 na kidogo. Toka Tanga hadi Mtwara, ukihesabu kaskazini-kusini tu, ni kilomita kama 575. Duara lina nyuzi 360, na 5.2 inaingia humo mara 69 hivi. Zidisha 575 kwa 69, na mzingo wa dunia nzima uko kwenye daftari la mtoto. Eratosthenes alifanya hesabu ya namna hii Misri, kati ya Aleksandria na Aswan, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Tunalitaja jina lake mwishoni, watoto wakishapata jibu lao. Ukianza nalo wanadhani ni somo la historia.

6. Na wavuvi je? Wao wanayajua maji kuliko mimi.

Wanayajua, na ukianza kwa kuwafundisha bamvua huja lini utajiaibisha. Amkia, kaa, uliza. Nahodha atakwambia bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) huja ukiwa nusu, na kwamba kila siku maji yanachelewa kuliko jana. Wewe ulichobeba ni sababu. Na swali litakuja lenyewe. Tumelisikia Deep Sea, Sahare na Kigombe kwa maneno yanayokaribiana:

"Mwanangu, mwezi ni mmoja, na uko upande mmoja. Mbona maji yanajaa mara mbili kwa siku?"

"Hilo ndilo swali lenyewe, nahodha."

Na ni swali zuri kupita yaliyo kwenye vitabu vingi vya shule. Mwezi ungekuwa unavuta maji tu, yangejaa upande wake peke yake. Lakini mvuto hupungua kwa umbali. Maji yaliyo upande wa mwezi yanavutwa zaidi, dunia yenyewe wastani, na maji ya upande wa pili yanavutwa kidogo kuliko vyote. Fikiria watu watatu wanakimbia kwenye mstari mmoja: wa mbele ana mbio, wa kati ana mbio kiasi, wa nyuma anajikongoja. Wote wanaelekea kule kule, lakini ukimwuliza wa kati atasema wenzake wote wawili wanazidi kuwa mbali naye, mmoja mbele, mwingine nyuma. Basi maji huvimba pande zote mbili, na dunia ikijizungusha, Tanga inapitia kwenye uvimbe mara mbili. Kwa kuwa mwezi nao haukukaa ukisubiri, dunia inahitaji kama dakika 50 za ziada kuufikia tena. Ndiyo sababu kati ya kujaa na kujaa kuna saa 12 na dakika 25, na ndiko kule kuchelewa anakokujua nahodha.

Jua nalo linavuta, ila nguvu yake ya kuinua maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Vikijipanga mstari mmoja, nguvu zinajumlishwa: bamvua. Vikikaa pembe mraba, zinapunguzana: maji mafu.

Usiondoke kabla hujasema mfano wako unaishia wapi. Dunia haikufunikwa na maji matupu. Kuna mabara, ghuba na vina tofauti, na maji hugonga, hurudi, hucheleweshwa. Zipo pwani katika Ghuba ya Meksiko ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku. Hilo wavuvi hulipenda kuliko yote. Watakaa nusu saa wakibishana ungevuaje huko.

7. Silikanti ni babu yetu?

Tunaulizwa kila mahali, kwa sababu hapa kwetu silikanti, samaki wa kale wa maji ya kina kirefu, ni fahari ya mji. Jibu fupi: si babu, ni ndugu wa mbali.

Jibu refu lina raha yake. Wataalamu walimjua kwa visukuku tu, wakaamini alikwisha pamoja na dinosaria, miaka kama milioni 66 iliyopita. Desemba 1938 akanaswa mmoja mzima pwani ya Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, mwangalizi wa jumba dogo la makumbusho la East London, akamwona kwenye rundo la samaki, akatambua kwamba hajapata kuona kitu kama kile. Jina la kisayansi, *Latimeria*, linatokana na jina lake. Kwetu Tanga silikanti walianza kunaswa kwa wingi kuanzia 2004, kwenye majarife ya papa yaliyoshushwa maji ya kina kirefu, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Hatagi, huzaa watoto wakiwa hai. Uchunguzi wa magamba uliotolewa 2021 ulionyesha kwamba anaweza kufika miaka 100 hivi, na kubeba mimba kama miaka mitano. Ukimnasa jike mmoja umetoa baharini kitu kisichorudi upesi.

Kuhusu babu: mapezi yake yana mifupa ndani na huyachezesha kwa zamu mithili ya miguu, ndiyo maana watu humdhania. Jenomu yake, yaani taarifa zake zote za urithi, iliposomwa 2013 ilionekana kwamba samaki aliye karibu zaidi nasi sisi wenye miguu minne ni kamongo. Ndiyo, kamongo yule yule wa Ziwa Victoria. Ukilisema hili mbele ya mtu wa Mwanza au Musoma, jiandae kwa tambo.

8. Mapango ya Amboni yanafika Mombasa?

Hayafiki. Yalipimwa miaka ya 1990, na pango refu kuliko yote halikufika kilomita moja. Lakini usiishie kwenye "hayafiki", maana umemnyang'anya mtu hadithi bila kumpa kitu.

Mpe jiwe. Okota kipande cha jiwe la matumbawe kilichoachwa na mafundi, lile lile lililojengewa nyumba za kale za pwani, udondoshee siki. Litatoa povu. Mawe ya Amboni ni ya chokaa pia, na mvua ina asidi kidogo kwa sababu hunyonya hewa ya ukaa angani na udongoni. Haina ukali wa siki, ila imekuwa na muda mrefu mno wa kufanya kazi. Maji yanakula mwamba kwenye nyufa, nyufa zinakuwa vyumba. Na yanapodondoka kutoka darini yanaacha chokaa kidogo kidogo, ndiyo zile nguzo zinazoning'inia. Jiwe la kuonyesha liokote nje ya pango. Pangoni usivunje chochote.

Wapo wanaokwenda pale kutambika. Wakiwemo, subiri wamalize. Siki na jiwe vinaweza kungoja.

9. Mimi niko bara, hatuna bahari.

Una mbu, una udongo, una kivuli (swali la 5). Walio karibu na Amani wana ua la urujuani wa Usambara, ambalo leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani: Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi lenye jina lake ndani. Waulize watoto kwa nini ua lililostahimili kivuli cha msituni likazoea haraka kukaa ndani ya nyumba. Walio Lushoto wana kisa kikubwa zaidi, kinachofuata.

## Maswali yanayotoa jasho

10. Mwanafunzi akisema aliona jambo lisilolingana na kitabu, nimjibuje?

Mwambie arudie mbele yako. Halafu msimulie kisa cha Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Nafasi za friza zilikuwa zikigombewa. Mwenzake akaruka hatua ya kuchemsha ili awahi. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akaingiza yake ikiwa moto. Saa moja na nusu baadaye ya kwake ilikuwa imeganda na ya mwenzake bado. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amejichanganya.

Sehemu inayotuhusu sisi hasa ni inayofuata. Mpemba aliandika baadaye kwamba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini, naye akamwambia kwamba huiingiza ikiwa moto ili igande haraka. Na wauzaji wengine wa hapa mjini walikuwa wakifanya hivyo hivyo. Mafundi wa mtaani walikuwa na ujuzi huo mikononi, darasa likawa halina habari. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Hakukoma. Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam alipokwenda kuzungumza pale, Mpemba akamwuliza mbele ya wenzake. Osborne hakumcheka, alirudi Dar es Salaam likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Dunia nzima sasa inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Usikate kisa hapo ukapigiwa makofi. Endelea: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu, wakasema hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto huwahi kufika nyuzi 0. Wengine hawakubaliani nao. Sababu zilizopendekezwa ni nyingi: mvuke unaopunguza maji, mzunguko ndani ya chombo, barafu ya friza kuyeyuka chini ya sufuria ya moto na kuigusisha vizuri zaidi na ubaridi. Tofauti ndogo za chombo na friza hubadili matokeo. Wanafunzi huuliza, "Sasa Mpemba alikuwa sahihi au la?" Tunawakabidhi vikombe viwili na kipimajoto.

11. Nikiulizwa nisilolijua?

Sema "sijui", liandike swali mbele ya aliyeuliza, urudi na jibu wiki inayofuata. Ukibuni, kuna fundi, muuguzi au nahodha pale atakayejua, naye hatakwambia. Atawaambia wenzake ukiondoka.

12. Mtu akisema haya yanapingana na dini?

Mara nyingi anayesema hivyo hajakataa hesabu, anataka kujua kama umekuja kumdharau. Mwonyeshe jedwali la nyakati za swala lililobandikwa msikitini: ni hesabu ya jua tupu. Alasiri kwa Mashafi, ambao ndio wengi wetu pwani, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri. Fimbo ya swali la 5 inatosha kulipima. Tumewahi kuona mzee wa madrasa akiichukua fimbo mkononi mwetu na kumalizia somo mwenyewe, na kwa kweli alifundisha vizuri zaidi.

Asili ya mwanadamu ni jambo jingine, na watu wataliuliza. Eleza visukuku na jenomu vinaonyesha nini, na vilisomwaje. Usimlazimishe mtu kutangaza msimamo wake mbele ya majirani.

13. Naweza kuzungumzia chanjo na dawa?

Eleza inavyofanya kazi na ilivyojaribiwa. Usimshauri mtu anywe nini, mpeleke zahanati.

Swali la kweli chini ya hili huwa, "Mnatufanyia majaribio?" Lina haki ya kujibiwa bila hasira, hasa hapa, kwa sababu Korogwe na Bagamoyo ni kati ya vituo 11 vya Afrika vilivyoshiriki jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Ndiyo, jaribio lilifanyika kwa watu, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kujua chanjo ya watu inafaa. Kabla yake kuna kamati za maadili, mzazi huelezwa na kutia saini, na anaweza kumtoa mtoto wakati wowote. Watoto hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi, ili asiwepo mtu wa kuchagua nani apate nini, kisha makundi yanalinganishwa. Waliopata dozi nne wakiwa na umri wa kuanzia miezi 5 hadi 17 walipungukiwa na malaria kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne.

Itaje hiyo 36 hivyo hivyo ilivyo. Ukiipamba, mama ambaye mwanawe amechanjwa na bado akaugua ataona umemdanganya, na atakuwa na haki. Chandarua kinabaki kitandani.

## Ya nadra, lakini huulizwa

14. Wanawake hawaji. Tunakosea wapi?

Saa. Ukiita watu saa 11 jioni umewaita wanaume. Wao wako jikoni. Nenda kwenye vikoba na upatu, kwa ruhusa ya mwenyekiti wao, baada ya hesabu za fedha kumalizika. Maswali yao juu ya chachu, maji ya kisima na magadi ni magumu kuliko ya barazani, kwa hiyo usiende bila kujiandaa.

15. Kupatwa kwa jua 2027 tutakuona Tanga?

Kwa sehemu. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kamili cha mwezi kitapita Hispania, Afrika Kaskazini, Misri, Uarabuni na pembe ya Somalia. Luxor kutakuwa giza kwa zaidi ya dakika 6. Hapa jua litamegwa tu, mchana, na ndiyo hatari yake: kwa kuwa halitafunikwa lote, hakuna hata sekunde moja ambayo ni salama kulitazama kwa macho. Miwani ya jua, filamu ya eksirei na kulitazama kwenye ndoo ya maji, vyote havikingi. Toboa boksi kwa sindano, ulipe jua mgongo, utazame taswira inayoangukia karatasi ndani. Au kaa chini ya mwembe: kila upenyo kati ya majani utamwaga hilali moja chini, mamia kwa wakati mmoja.

16. Jamaa yangu amenasa silikanti. Afanye nini?

Kama bado ana uhai, akate nyavu amwachie hapo hapo, ingawa samaki aliyetolewa kwenye kina kile mara nyingi haponi. Akifika ufukweni, asimpasue, maana jike anaweza kuwa na watoto tumboni. Ampige picha pembeni akiwa na rula au kitu chenye urefu unaojulikana, ubavu mzima uonekane. Madoa meupe ya kila silikanti ni tofauti, na kwayo hutambulika mmoja mmoja. Aandike alipotega, kina cha wavu na saa ya kuuvuta, kisha apige simu ofisi ya hifadhi ya bahari au kwa afisa uvuvi. Kumuuza hairuhusiwi.